Watoto wa Grace Field na msimu uliokimbizwa

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi na mdogo wangu wa kike, hapa Tanga, tuliutazama msimu wa kwanza wa The Promised Neverland, ile anime (katuni ya televisheni ya Kijapani), karibu tuukariri, kisha tukausubiri wa pili kwa hamu kubwa. Tulipoumaliza tulibaki tunatazamana. Norman anarudi ghafla, maadui wanapatana ghafla, na mwisho wenyewe ni picha zilizosimama zinazopita mbio. Wenzangu wanasema studio ilibadilishwa. Je, ni kweli? Kama si kweli, ni nini kilichoharibika? Na manga yake, yaani kitabu cha katuni ambacho anime ilitokana nacho, inafaa kusomwa, au nayo itatuangusha?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Swali lako limekuja pamoja na maswali mengine yanayofanana nalo, nami nimelichagua hili kwa sababu limetaja kwa usahihi mahali panapouma. Nitakujibu kwa kirefu, na kwa kuwa umekwisha kuitazama misimu yote miwili nitazungumza waziwazi juu ya mambo yaliyomo. Msomaji mwingine ambaye hajaitazama na asingependa kufichuliwa kisa, basi aahirishe kusoma.

Nianze na habari ya studio. Wenzako wamekosea. Misimu yote miwili ilitengenezwa na CloverWorks, mwongozaji akiwa Mamoru Kanbe kotekote, wahusika wakiwa wamesanifiwa na Kazuaki Shimada, muziki ukiwa wa Takahiro Obata, na mpangilio wa hadithi ukiwa chini ya Toshiya Ono. Tena katika msimu wa pili aliongezwa mtu ambaye, kwa fikra ya kawaida, angekuwa dhamana ya uaminifu kwa kisa: Kaiu Shirai, mwandishi wa manga yenyewe, alitajwa pamoja na Ono kuwa mpangaji wa hadithi. Kwa hiyo mikono ilikuwa ile ile, na juu yake ukaongezwa mkono wa mwenye kisa, lakini kilichotoka kikawa pungufu. Ndiyo maana naona mfano huu unastahili kuchunguzwa kuliko mingine mingi ya misimu iliyoshuka.

Dhana ya studio kubadilishwa inatokana na mfano mwingine ambao huenda nao unaujua. Msimu wa kwanza wa One Punch Man, uliotoka mwaka 2015, ulitengenezwa na Madhouse chini ya Shingo Natsume. Wa pili, mwaka 2019, ukatengenezwa na J.C.Staff chini ya Chikara Sakurai, na mapigano yaliyokuwa yakitiririka kama maji yakawa mazito na yenye kukatika. Hapo sababu inaonekana kwa macho. Wachoraji wengi hodari wa Japani hawaajiriwi na studio moja. Wanafanya kazi za kujitegemea, na mara nyingi humfuata mwongozaji wanayemwamini au rafiki aliyewaalika, si jina la kampuni lililoandikwa mlangoni. Natsume alikuwa amewakusanya watu wa namna hiyo kwa wingi, na kundi lililokusanywa hivyo haliwezi kukabidhiwa studio nyingine kama vifaa vya ofisi. Hata hivyo, kubadilisha studio peke yake hakutoshi kuua kazi: Attack on Titan ilihama kutoka Wit Studio kwenda MAPPA mwishoni mwa mwaka 2020, na msimu ule wa mwisho ukaendelea kuwashika watazamaji. Nimeyataja haya ili tuyaweke kando, kwa maana ugonjwa wa The Promised Neverland haukuwa wa mikono wala wa michoro. Ukirudi kuutazama msimu wa pili na sauti ukiwa umeifunga, utaona kwamba picha zake, kwa sehemu kubwa, ni nzuri.

Ili tujue kilichopotea, yafaa tukumbushane kile tulichokuwa nacho. Watu husema msimu wa kwanza ulisimama juu ya kisa cha kutisha, nacho kinatisha kweli: watoto wa kituo cha yatima cha Grace Field, wanaopendwa, wanaolishwa vizuri na kupewa mitihani kila siku, wanagundua kwamba wanafugwa ili waliwe na mazimwi, na kwamba Isabella, mwanamke wanayemwita Mama, ndiye msimamizi wa zizi hilo. Lakini siri hiyo inafichuka katika sehemu ya kwanza kabisa, pale Emma na Norman wanapokwenda langoni kumpelekea Conny sungura wake wa kitambaa aliyemsahau, wakamkuta amekwisha kufa ndani ya gari, na ua limechomekwa kifuani mwake. Sehemu 11 zilizobaki hazikuweza kuishi kwa mshtuko ule ule. Ziliishi kwa jambo lililo gumu zaidi kulitengeneza, nalo ni hesabu ya nani anajua nini, na nani anajua kwamba mwenzake anajua. Isabella anajua kwamba kuna watoto waliofika langoni usiku ule lakini hajui ni akina nani. Emma na Norman wanajua kwamba anajua, nao wanalazimika kucheka na kula na kukumbatiwa kana kwamba hakuna lililotokea. Ray, mwenzao wa karibu, ana siri yake ambayo ikifichuka inatubidi tuyapime upya yote tuliyokwisha kuyaona. Krone analetwa kuwa msaidizi wa Isabella huku akitamani kiti chake. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Isabella anamjua kila mtoto wake, anajua anapenda nini na analala upande gani, na ujuzi huo ndio unaomfanya atishe kuliko zimwi lolote lenye meno.

Kanbe alifanya uamuzi mmoja ambao nauhesabu kuwa ndio uliouinua msimu ule juu ya anime nyingi za aina yake. Katika manga, watoto hawa wanafikiri kwa maneno. Kurasa zimejaa hoja zao za ndani, na msomaji anazifuata kama anayesoma mchezo wa sataranji. Mwongozaji aliyaondoa karibu mawazo yote hayo ya ndani, akatuachia nyuso, nyayo, milango iliyofunguliwa nusu, na kamera inayotembea polepole katika ukumbi mrefu kana kwamba kuna mtu asiyeonekana anayetufuata. Sisi watazamaji tukageuzwa kuwa kama wale watoto: hatuambiwi, tunasoma dalili. Kwa hiyo tulimtazama Isabella usoni kwa makini ambayo hakuna maelezo yoyote yangeweza kuyapata, na saa yake ya mfukoni, anayoitumia kujua watoto walipo, ikawa kitu cha kuogopesha ingawa ni chombo kidogo cha kawaida.

Na kulikuwa na muda. Sijui kama mliligundua hili: majina ya sehemu za msimu wa kwanza ni tarakimu ambazo kwa kweli ni tarehe. Ya kwanza inaitwa 121045, yaani tarehe 12 Oktoba 2045, na ya mwisho ni 150146, yaani tarehe 15 Januari 2046, siku ambayo Ray anatimiza miaka 12 na ambayo angepelekwa kuliwa. Kila wiki mtazamaji alipofungua sehemu mpya alikuwa anasogezwa kwenye siku ile. Norman anapoondoka, tunajua ni siku gani na zimebaki ngapi. Emma anapovunjwa mguu na mwanamke aliyemlea, tunajua mguu huo una muda gani wa kupona. Msimu mzima ulijengwa kwa muda uliohesabiwa, ndani ya nyumba moja, msitu mmoja na ukuta mmoja.

Sasa watoto 15 wameruka ukuta, na hapo ndipo kazi ya msimu wa pili ilipokuwa ngumu kwa haki kabisa. Nyumba haipo tena, Isabella hayupo mezani, na ulimwengu umefunguka pande zote. Hakuna mwongozaji ambaye angeweza kuendelea kutengeneza hofu ile ile katika msitu mpana. Kwa hiyo sikubaliani na watazamaji wanaolalamika kwamba msimu wa pili haukufanana na wa kwanza. Haukupaswa kufanana nao. Manga yenyewe inapofika hapo inabadilika kuwa hadithi ya safari na ya kupigania maisha, na wasomaji waliokubali mabadiliko hayo walipewa kitu kingine cha thamani badala ya kile walichokiacha nyuma. Swali ni kama sisi tuliotazama tulipewa chochote badala yake.

Sehemu mbili za mwanzo zinaonyesha kwamba iliwezekana. Watoto wanaokolewa na Sonju na Mujika, mazimwi mawili yasiyokula watu, na Sonju anamfundisha Emma kuwinda. Emma anamuua ndege, kisha anafundishwa kuchomeka ua katika mwili wa kiumbe kile, kama ibada ya kushukuru kabla ya kula, na mara anatambua kwamba ndilo ua alilolikuta kifuani mwa Conny. Hakuna anayepiga kelele wala kukimbizwa, lakini katika dakika hizo chache mtoto anaelewa kwamba kilichomuua ndugu yake kilifanya hivyo kwa adabu na shukrani, kama yeye anavyofanya sasa kwa ndege. Hapo anime ilikuwa imeupata mwendo wake mpya, wenye kufikirisha, tofauti na ule wa nyumbani lakini wa hadhi yake. Laiti ingeendelea hivyo, barua yako ingekuwa ya namna nyingine.

Haikuendelea, na hesabu yake ni rahisi kuipiga. Manga ilianza kuchapishwa katika jarida la Weekly Shonen Jump mwezi Agosti 2016, Shirai akiandika na Posuka Demizu akichora, ikakamilika mwezi Juni 2020 ikiwa na sura 181 katika juzuu 20. Msimu wa kwanza ulitumia sehemu 12 kueleza sura 37, yaani takriban sura tatu kwa kila sehemu. Zilibaki sura 144. Msimu wa pili ulikuwa na sehemu 11, na ukaamua kufika mwisho. Ukigawanya, unapata sura 13 kwa kila sehemu, jambo lisilowezekana kwa namna yoyote ile. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kisa ikaachwa kabisa, na iliyobaki ikaungwa kwa nyuzi mpya.

Kilichoachwa kwanza ni mtu. Katika manga, watoto wanapofika kwenye handaki lililotajwa na ishara za William Minerva, mtu aliyewaachia watoto dalili za siri vitabuni, wanamkuta mwanamume anayeitwa Yuugo. Yeye naye alikuwa mtoto wa shamba, alitoroka kutoka Glory Bell pamoja na wenzake, akawapoteza, na kwa miaka 13 ameishi peke yake chini ya ardhi na viti vitupu vya meza ya wenzake. Anawachukia watoto hawa kwa sababu wanamkumbusha alivyokuwa. Yuugo ni picha ya Emma kama matumaini ya Emma yangeshindwa, na kila neno analomwambia ni mtihani kwa imani ya binti huyo kwamba wote wanaweza kuokoka. Katika anime handaki lipo, chakula kipo, hata piano ipo, ila Yuugo hayupo. Watoto wanafika mahali palipo salama bila ya kuulizwa chochote na yeyote. Na mtu mzima pekee ambaye angeweza kuwapenda bila ya kuwauza, baada ya Mama kuwauza, amefutwa.

Kilichoachwa pili ni Goldy Pond, bustani ya mawindo ambamo mazimwi ya kitajiri, na Leuvis akiwa wa kuogopwa kuliko yote, huwawinda watoto kwa ajili ya starehe. Mashabiki wengi walililia eneo hili kwa sababu ya mapigano yake, na ninawaelewa, lakini kwa maoni yangu hasara kubwa iko kwingine. Huko ndiko Emma anakojua chuki. Anawaona watoto wadogo wakiuawa mbele yake na viumbe wasio na njaa, anashika silaha, anapigana ili kuua, anajeruhiwa karibu afe. Anatoka huko akiwa na kila sababu ambayo mwanadamu anaweza kuwa nayo ya kutaka mazimwi yote yaangamie.

Kwa nini hilo ni muhimu? Kwa sababu nguzo ya nusu ya pili ya kisa hiki ni ugomvi wa Emma na Norman. Norman hakufa, alipelekwa Lambda, mahali pa majaribio, akatoka huko akiwa na wafuasi na mpango wa kuyamaliza mazimwi kwa sumu itakayoyageuza kuwa wanyama wasio na akili. Emma anasema hapana. Katika manga, anaposema hapana, neno hilo lina uzito wa Goldy Pond nyuma yake: ni mtu aliyewindwa anayekataa kulipiza kisasi, naye anajua vizuri anachokikataa. Katika anime, Emma huyo huyo anasema hapana akiwa amekutana zaidi na wema wa Sonju na Mujika, na akiwa ameviona vitoto vya kizimwi vikicheza mjini. Upole wake unakuwa upole wa mtu ambaye hajajaribiwa, na Norman, aliyepitia mateso, anaonekana kuwa na hoja yenye nguvu zaidi; kisha, kwa kuwa muda umekwisha, anashindwa kwa machozi na kukumbatiwa. Uliandika kwamba watu wanapatana ghafla. Upatanisho huo umeandikwa, ila matukio yaliyopaswa kuufanya uaminike ndiyo yaliyokatwa, na mtazamaji anaukataa hata kama hajui sababu.

Vivyo hivyo kwa kurudi kwa Norman. Msimu wa kwanza ulituhuzunisha kwa kuondoka kwake. Tulimwona Emma akiinuka kitandani na kutorosha wenzake huku amebeba msiba. Msiba unahitaji muda ili urejeo uwe na maana. Manga inampa Emma muda huo, anakua, anajeruhiwa, anazoea kuishi bila Norman, ndipo wanapokutana. Anime inamrudisha kabla ya nusu ya msimu. Wiki chache tu tangu msimu uanze, na yule tuliyemlilia yuko mbele yetu, amerefuka, ana koti jeupe, na mazungumzo lazima yaanze upesi kwa kuwa kuna mpango wa kuelezwa.

Isabella naye nimhesabu, maana nadhani ndiye aliyeonewa kuliko wote. Mwisho wa msimu wa kwanza ulimpa mojawapo ya saa bora kabisa ambazo anime ya miaka ile ilizitoa: amesimama ukutani, nywele ameziachia, anawaombea heri watoto aliowafuga kwa ajili ya kisu, na tunarudishwa utotoni mwake, kwa rafiki yake Leslie na wimbo ambao Leslie aliutunga. Mtu wa namna hiyo hawezi kurudi bila ya kulipa. Katika msimu wa pili anarudi, anawageukia mabwana zake pamoja na Mama wengine, na katika dakika chache amekwisha kuwa upande wa watoto. Katika manga pia anageuka, lakini gharama anayoilipa ni nzito na sitaitaja hapa, kwa kuwa nitakushauri uisome.

Kisha unakuja ule mwisho wa picha zilizosimama. Watoto wengine wanavuka kwenda ulimwengu wa binadamu, Emma na wenzake wakubwa wanabaki nyuma ili kuubadilisha ulimwengu wa mazimwi, halafu mambo yote wanayoyafanya huko, ambayo yangetosha kuwa msimu mzima, yanapitishwa kama picha za albamu huku muziki ukicheza, na mara wamekwisha kukutana tena na wadogo zao. Hata ahadi inayobeba jina la kisa hiki, yaani mapatano kati ya binadamu na mazimwi, pamoja na bei ambayo Emma anaitoa kwa ajili yake katika manga, haikupata nafasi ya kuhangaikiwa. Sioni njia ya kuutetea uamuzi huo. Ningependelea mara kumi msimu ukatike katikati ya safari, na deni likabaki wazi, kuliko deni hilo kufutwa namna ile.

Katika sehemu ya 10 na ya 11 jina la Shirai halionekani tena katika orodha ya waliopanga hadithi. Watu wamejenga mengi juu ya jambo hilo. Mimi nalichukulia kama lilivyo: kutotajwa kwa jina hakuthibitishi ugomvi, lakini kunaonyesha kwamba aliyekuwa ametajwa kuwa mpangaji hakuwa ametajwa tena pale kisa chake kilipokuwa kinafungwa.

Umeuliza ni nini kilichoharibika, na pengine ungetaka kujua pia nani aliamua. Anime ya televisheni Japani kwa kawaida hugharimiwa na kamati ya uzalishaji, yaani muungano wa kampuni kadhaa, kama vile mchapishaji wa manga, kituo cha televisheni, kampuni ya muziki na video, ambazo huchanga fedha na kugawana mapato. Kamati ndiyo inayoamua idadi ya sehemu na saa ya kurushwa. The Promised Neverland ilirushwa katika saa ya usiku ya Fuji TV inayojulikana kama Noitamina, ambayo imezoea mifululizo mifupi ya sehemu 11 au 12. Msimu wa pili ulipangwa kuanza Oktoba 2020, ukasogezwa hadi Januari 2021 kwa sababu ya janga la UVIKO-19. Kufikia hapo manga ilikuwa imekwisha kukamilika nusu mwaka uliopita. Anime nyingi hutengenezwa kwa matumaini kwamba zitauza juzuu za manga inayoendelea kutoka. Manga ikifungwa, hamu ya kulipia misimu mitatu au minne zaidi inaweza kupungua. Hukumu yangu, inayotokana na sura ya kazi yenyewe, ni kwamba waliona wana msimu mmoja tu uliobaki, na badala ya kueleza vizuri sehemu ya kisa wakachagua kueleza vibaya kisa chote.

Nalisema hili nikijua kwamba haikuwa lazima. Manga ya Demon Slayer ilikamilika mwezi Mei 2020, mwezi mmoja tu kabla ya hii, na studio ya ufotable haikukimbia. Imeendelea kukieleza kisa hicho eneo baada ya eneo kwa miaka mingi, kwa misimu na kwa filamu. Ni kweli kwamba Demon Slayer ilikuwa na mafanikio ya kibiashara ambayo hayana mfano, na kamati inayopata fedha za namna ile huwa na subira. Lakini inathibitisha kwamba kufungwa kwa manga peke yake hakulazimishi kukata viungo vya hadithi.

Katika robo ile ya mwanzo ya mwaka 2021 CloverWorks ilikuwa pia inatoa Horimiya na Wonder Egg Priority, na ya pili kati ya hizo ilishindwa kumalizika kwa wakati, mwisho wake ukasogezwa hadi Juni. Ilikuwa studio iliyobeba mzigo mkubwa. Hata hivyo, mzigo wa wachoraji hauelezi kwa nini Yuugo hayumo. Uamuzi huo ulifanywa mezani, kabla ya penseli kushikwa. Ninasisitiza hilo kwa sababu nimeona hasira za mashabiki zikiwashukia wachoraji, watu ambao wengi wao hulipwa kidogo, baadhi kwa kila mchoro, na ambao hawaulizwi kama msimu uwe na sehemu 11 au 24. Ukikasirika, ndugu yangu, na una haki ya kukasirika, hasira yako isiwaendee hao.

Sasa manga. Isomeni. Ianzeni katika sura ya 38, iliyomo katika juzuu ya 5, kwa sababu hapo ndipo msimu wa kwanza ulipoishia. Ila kama mdogo wako ana subira, kuanza juzuu ya 1 kutampa zile fikra za ndani ambazo Kanbe aliziondoa, naye atafurahi kugundua Ray alikuwa anawaza nini wakati kamera ilikuwa inatuonyesha kisogo chake tu. Mtawakuta tena Sonju na Mujika, kisha Yuugo, kisha Goldy Pond, na hapo nawaomba msiharakishe, kwa maana Demizu anachora misitu na viumbe kwa wingi wa vitu vidogo ambavyo jicho linalokimbia haliwezi kuviona.

Nisikudanganye kwamba utapata ubora ule ule hadi ukurasa wa mwisho. Baada ya Goldy Pond, na hasa katika mapambano ya mji mkuu wa mazimwi, manga nayo inaanza kukaza mwendo. Kuna maadui wakubwa wanaoanguka upesi kuliko walivyojengwa, na kuna maswali ya Norman ambayo ningependa yangesumbua zaidi kabla ya kujibiwa. Lakini hata pale inapokimbia, inakimbia ikiwa imekwisha kulipa gharama za njiani, na bei anayoitoa Emma mwishoni ni bei halisi.

Kuhusu matumaini ya kutengenezwa upya, kuna mifano. Fullmetal Alchemist ilianza mwaka 2003 na ikaenda njia yake yenyewe kwa kuwa manga haikuwa imekamilika. Mwaka 2009 ikaanza upya, ikakifuata kisa kwa sehemu 64. Fruits Basket ilisubiri kuanzia mwaka 2001 hadi 2019 kabla ya kupata anime iliyoeleza kisa chote. Kwa hiyo jambo hilo hutokea, lakini baada ya miaka mingi, na kwa kazi chache. Msisubiri. Mdogo wako akiwa na umri wa kuvumilia watoto kuumizwa vitani, mpe juzuu ya 5 sasa. Asipokuwa nao, someni hadi handaki la Yuugo tu, halafu mpumzike, kwa maana Goldy Pond inaanza mara baada ya hapo na haina huruma.